Namna ya Kutunga Kanuni za Gobori na Baruti kwa Mchezo wa Njozi wa Mezani

Anayetaka kuingiza bunduki za kale katika mchezo wa njozi wa mezani, yaani mchezo ambao kila mchezaji humbeba mhusika mmoja, msimamizi husimulia ulimwengu, na dadu huamua lolote lenye shaka, kwa kawaida huanza kwa kuuliza risasi iondoe alama ngapi za uhai. Mimi nashauri swali hilo liachwe hadi mwisho. Nimeendesha meza ya mchezo huu Chake Chake kwa misimu kadhaa, katika visiwa vya kubuni vinavyofanana sana na Unguja na Pemba, na kila tulipoanza na jeraha tuliishia pabaya: ama bunduki ilikuwa upinde uliobadilishwa jina, ama ilikuwa radi iliyomaliza pambano kabla upanga haujatoka alani. Kilichotufaa ni kuanza na muda: muda wa kushindilia, muda wa moshi kutawanyika, na majira ya mwaka yanayoamua kama baruti ni kavu. Gobori, yaani bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, ni silaha ya mtu aliyejitayarisha, na kanuni zote zinazofuata zimetokana na jambo hilo moja.

Nimechukulia kwamba mchezo wenu hutumia dadu ya pande 20 kuamua kama shambulio limepata, kwamba kila mhusika ana namba ya kinga inayopaswa kufikiwa, kwamba duru moja ya pambano ni sekunde 6, na kwamba katika duru mhusika ana tendo moja na mwendo mmoja. Asiye na dadu ya pande 20, ambayo si rahisi kuipata madukani kwetu, aandike namba 1 hadi 20 kwenye vizibo vya soda, avitie mfukoni, achote kimoja bila kutazama na kukirudisha baada ya kukisoma. Uwezekano ni uleule, na hakuna kizibo kitakachoviringika chini ya kabati.

Chagueni mtambo kwanza

Kiswahili cha zamani kilizipanga bunduki kwa namna zinavyowashwa. Palikuwa na bunduki ya mrau, bunduki ya gumegume, bunduki ya fataki, na mwishowe bunduki ya viasi. Mpango huo ndio hasa unaohitajika mezani, kwa sababu tofauti kubwa kati ya silaha hizi haiko kwenye risasi inayotoka, bali kwenye kile kinachoifanya itoke.

Bunduki ya mrau huwashwa kwa utambi wa kamba uliochovywa katika maji ya shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, ukakauka, ukawa unaungua polepole bila kutoa mwali. Mpigaji avutapo mtambo, ncha yenye moto hushuka kwenye kisahani kidogo cha baruti kilicho ubavuni mwa mtutu, na moto hupenya tunduni hadi ndani. Waarabu wa Omani waliiita Abu Fatila, yaani mwenye utambi, na waliendelea kuitumia, ikiwa na mtutu wake mrefu sana, muda mrefu baada ya majeshi ya Ulaya kuiacha. Kwa hiyo msimamizi anayeweka mrau mikononi mwa walinzi wa mtawala wa Omani katika karne ya 18 hakosei historia hata kidogo.

Bunduki ya gumegume, iliyokamilika Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, haina utambi: jiwe la gumegume lililobanwa kwenye mtambo hupiga bamba la chuma na kutoa cheche. Bunduki ya fataki ilitokana na kazi ya Alexander Forsyth, kasisi wa Scotland aliyepata hataza yake mwaka 1807, na baadaye zikaenea fataki ndogo za shaba ambazo hulipuka zikigongwa. Ilikuwepo pia bunduki ya gurudumu linalojazwa kwa ufunguo kama saa, lakini ilikuwa ghali mno, nami huitumia kama hazina ya mtawala mmoja tu katika simulizi nzima.

Bunduki ya viasi, yaani ile inayojazwa kwa nyuma kwa risasi na baruti vilivyokwisha kufungwa pamoja, siiruhusu mezani kwangu. Sisi tunayo sababu ya kulielewa hili kuliko wengi. Tarehe 27 Agosti 1896 vita kati ya Uingereza na jumba la Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar, havikufika hata saa moja, kwa sababu upande mmoja ulikuwa na mizinga ya meli na bunduki za kisasa. Katika ulimwengu wa namna hiyo, shujaa mwenye upanga na ngao ya ngozi ya kifaru hana la kufanya, na mchezo wa njozi unakosa nafasi ya kupumua. Simameni kwenye fataki.

Kukataa kwa bunduki

Hapa ndipo historia inapotupa namba ambayo ni kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya dadu. Mwaka 1834 jeshi la Uingereza lililinganisha mitambo miwili huko Woolwich kwa kufyatua mara 6,000 kwa kila mmoja. Gumegume ilikataa, yaani haikuwaka ilipofyatuliwa, mara 922. Fataki ilikataa mara 36.

Gawanya 922 kwa 6,000 utapata kama asilimia 15, ambayo kwenye dadu ya pande 20 ni nyuso tatu kamili. Basi gumegume hukataa dadu ikionyesha 1, 2 au 3. Fataki ni asilimia 0.6, ndogo kuliko uso mmoja, kwa hiyo dadu ikionyesha 1 mchezaji hurusha dadu ya pande 8, na bunduki hukataa tu iwapo nayo itaonyesha 1. Sehemu moja ya 20 mara sehemu moja ya 8 ni asilimia 0.625, karibu sana na kipimo cha Woolwich. Kwa mrau nimeweka 1 hadi 4 pakiwa pakavu. Hiyo ni hukumu yangu mwenyewe, nayo imetuenda vizuri.

Hata hivyo, kuna kosa ambalo karibu kila mtungaji wa kanuni hulifanya, nami nililifanya kwa msimu mzima. Ukiitumia dadu moja kuamua kulenga na kuwaka kwa pamoja, kukataa hakumgharimu mpigaji chochote, kwa kuwa mwenye kupata 1, 2 au 3 angekosa shabaha kwa vyovyote. Bunduki yako itaonekana ina udhaifu na kumbe haina. Dawa yake ni kurusha dadu mbili za rangi tofauti kwa pamoja, moja ya mtambo na nyingine ya shabaha, na kuitazama ya mtambo kwanza. Ikiwa mtambo umekataa, dadu ya shabaha haisomwi.

Kumbukeni pia kwamba kukataa si sawa na kukosa. Aliyekosa amepoteza risasi na baruti, naye huanza kushindilia upya. Aliyekataliwa bado ana risasi ndani ya mtutu, kwa hiyo kwa tendo moja hutia baruti mpya kisahanini, au hubadili fataki, na kujaribu tena katika duru inayofuata. Lakini cheche imekwisha kuonekana, na kama ilikuwa usiku, adui sasa anajua alipo.

Kushindilia, hatua kwa hatua

Askari aliyefunzwa vyema katika karne ya 18 alitarajiwa kufyatua gumegume mara tatu kwa dakika. Hiyo ni sekunde 20 kwa kila mlio, yaani duru tatu na ushei. Kwa sababu hiyo tumegawa ushindiliaji katika matendo matatu, na kila moja lina jina lake ili mchezaji alitamke kwa sauti inapofika zamu yake: kumimina baruti na kutia risasi, kushindilia kwa mdeki (fimbo ya kusukumia risasi na baruti mtutuni), na kutia baruti kisahanini pamoja na kuvuta mtambo. Kulitamka tendo kuna faida yake. Mchezaji anayesema tu "najaza" huchoka kungoja, ilhali anayesema "nashindilia" huku mwenzake akimzuia adui mlangoni anashiriki pambano lenyewe.

Fataki nayo huchukua matendo matatu, kwa kuwa mtutu ni uleule. Mrau huchukua matano, maana utambi unaowaka lazima uondolewe na kushikwa mbali kabla baruti haijamiminwa, kisha urudishwe, upulizwe na kupimwa kama utafika kisahanini. Anayetaka kuharakisha anaweza kuuacha utambi mahali pake na kuokoa matendo mawili, lakini arushe dadu ya pande 20: akipata 1, pembe yake ya baruti hulipuka mkononi. Wachezaji hujaribu jambo hili mara moja, na baada ya hapo hulifikiria sana.

Bunduki yenye mifereji ndani ya mtutu, ambayo huizungusha risasi ili isiyumbe, pia huchukua matendo matano, kwa sababu risasi hulazimishwa kupita kwa nguvu ikiwa imefungwa kitambaa.

Anayeshindilia aweza kutembea kwa nusu ya mwendo wake, isipokuwa katika tendo la mdeki, ambapo lazima asimame. Kushindilia mtu akiwa amelala kifudifudi hakuwezekani kwa kanuni zetu, na ndani ya ngalawa kila tendo huhitaji kupata 8 au zaidi, la sivyo hurudiwa. Akijeruhiwa katikati ya kazi, arushe dadu: 10 au zaidi anaendelea, pungufu ya hapo anarudia tendo hilo. Akipata 1, amesahau mdeki ndani ya mtutu, jambo lililowapata askari wengi wa kweli. Ataufyatua pamoja na risasi asipogundua, na baada ya hapo hawezi kushindilia tena mpaka apate mwingine au achonge wa mti. Msimamizi asimwambie; mwenzake aliye karibu ndiye mwenye haki ya kurusha dadu ili auone.

Mtu asiye na mafunzo hapewi adhabu yoyote katika kulenga, ila hushindilia kwa matendo mawili zaidi. Nimeipenda sana kanuni hii, kwa kuwa ndiyo inayoeleza jinsi bunduki ilivyobadilisha vita. Mpiga upinde mzuri hulelewa kwa miaka, lakini mchuma karafuu aliyefundishwa kwa juma moja anaweza kumwangusha mtu mwenye deraya, yaani vazi la kujikinga vitani, kwa mlio wake wa kwanza. Msimamizi akiwapa wanakijiji magobori kumi, mizani ya kisiwa kizima inahama, na mtawala wa kijiji jirani atapata habari.

Jeraha, umbali na deraya

Sasa twende kwenye jeraha. Kwa vile mrau, gumegume na fataki hutupa risasi zinazokaribiana uzito kwa baruti inayokaribiana wingi, zote hutumia kipimo kimoja: dadu mbili za pande 10 zikijumlishwa. Bastola hutumia dadu mbili za pande 6. Nguvu za mkono haziongezwi kamwe, maana risasi haijui nani kavuta mtambo. Upinde ni kinyume chake, na kwa hiyo mpiga mshale aendelee kuongeza nguvu zake.

Gobori lenye mtutu laini lipige bila adhabu hadi mita 40. Kutoka hapo hadi mita 80 mpigaji hurusha dadu ya shabaha mara mbili na kuchukua ndogo. Zaidi ya hapo halilengi mtu mmoja. Linaweza tu kufyatuliwa kuelekea kundi, na msimamizi aamue aliyepatwa. Risasi ya mviringo isiyojaa vizuri mtutuni hutoka ikigongagonga kuta, na hewa huipotosha upesi. Bunduki ya mifereji iongezewe umbali huo mara tatu, na hilo ndilo malipo ya ushindiliaji wake wa taabu. Bastola iishie mita 10.

Kuhusu deraya, tukumbuke kwamba mafundi wa Ulaya walizifyatulia risasi deraya za kifuani kabla ya kuziuza, ili alama ya risasi iwe ushahidi kwamba zinahimili, na kwamba kadiri bunduki zilivyoenea ndivyo deraya zilivyozidi kuwa nzito kifuani na kuachwa miguuni. Kwa hiyo ndani ya mita 20 gobori hupunguza hadi alama 4 za kinga inayotokana na deraya au ngao. Haligusi kinga inayotokana na wepesi wa mtu wala ile ya uganga. Deraya iliyojaribiwa kwa risasi ipatikane kwa bei ya mara tatu na impunguzie mvaaji mwendo.

Naomba tuipime hesabu hii, kwa sababu mchezaji wa upinde ataiuliza. Tuseme adui anahitaji 9 au zaidi ili apatwe. Mpiga mshale wa dadu ya pande 8 na nyongeza ya 3 hupata kwa asilimia 60 na wastani wake ni 7.5, yaani 4.5 kwa duru, au 18 kwa duru nne. Mwenye gumegume aliye karibu, deraya ikiwa imepunguzwa alama 4, hupata kwa asilimia 80, mtambo humkubalia kwa asilimia 85, na wastani wa dadu zake ni 11. Hiyo ni kama 7.5 kwa mlio mmoja. Akikaa kushindilia kwa duru tatu zinazobaki, ameshindwa vibaya na upinde. Akiweka bunduki chini na kuchomoa upanga wenye nguvu sawa na upinde ule, ataongeza 13.5 na kufikisha 21. Ndivyo inavyopaswa kuwa: bunduki hufungua pambano, upanga hulimaliza, na anayetaka kufyatua mara ya pili aje na bastola ya pili kiunoni au na mtu wa kumshindilia nyuma yake.

Kwa makundi ya askari wa msimamizi, msirushe dadu ya mtambo kwa kila mmoja. Hesabuni kwamba katika kila gumegume sita, tano zimewaka.

Mvua, upepo na moshi

Sehemu hii ndiyo inayoifanya bunduki iwe ya visiwani na si ya mahali popote tu. Kabla ya kila pambano la nje, msimamizi atangaze majira. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, arushe dadu ya pande 6: 1 au 2 ni mvua kubwa, 3 ni manyunyu. Katika miezi mingine mvua huja kwa 1 tu, nayo huwa manyunyu.

Katika manyunyu mrau hukataa kwa 1 hadi 10, na katika mvua kubwa hauwaki kabisa mpaka mpigaji apate paa juu yake. Gumegume hukataa kwa 1 hadi 6 katika manyunyu na 1 hadi 10 katika mvua kubwa. Fataki haijali manyunyu, na katika mvua kubwa hukataa kwa 1 bila kurusha dadu ya pili. Mtambo uliofunikwa kwa ngozi iliyopakwa mafuta huhesabiwa kuwa ngazi moja kavu zaidi, alimradi ngozi iondolewe wakati wa kufyatua tu. Bunduki iliyolala imejazwa usiku mzima wa masika huongezewa 3 kwenye namba yake ya kukataa, kwa kuwa baruti hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwingi. Baada ya milio kumi masizi huziba mtutu na kila ushindiliaji huongezeka tendo moja, mpaka bunduki isafishwe kwa maji ya moto na kukaushwa vyema, kazi ya saa nzima.

Moshi wa baruti ya shura, makaa na kiberiti ni mweupe na mzito. Kila mlio huweka wingu la mita 2 mbele ya mpigaji, na bunduki tatu zikilia pamoja hujenga ukuta ambao hakuna aonaye ng'ambo yake. Wingu hukaa duru moja upepo ukivuma, na duru tatu pakiwa shwari. Kaskazi, kati ya Disemba na Machi, huliburuta kutoka kaskazini-mashariki. Kusi hulisukuma upande wa pili kuanzia Aprili. Katika maleleji, pepo zinapobadilishana, dadu iamue upande, au iamue kwamba hakuna upepo. Wachezaji wetu sasa huuliza upepo unatoka wapi kabla ya kuuliza adui ni wangapi.

Utambi wa mrau nao una kanuni yake: usiku huonekana kama jicho jekundu kwa umbali wa mita 60, na harufu yake humfikia mnyama aliye upande uendako upepo. Mviziaji mwenye mrau katika msitu kama Ngezi lazima achague kati ya kujificha na kuwa tayari.

Moto wa uganga, na majini

Katika mchezo wa njozi kuna watu wanaorusha moto kwa maneno tu. Bila kanuni, mganga mmoja atalipua kila pembe ya baruti aionayo, na hakuna atakayebeba bunduki tena. Tumeamua kwamba moto wa uganga huwasha baruti iliyo wazi tu, ikiwemo ile iliyomo kisahanini. Pembe iliyozibwa huhatarishwa pale tu mwenyewe anapounguzwa mwilini, na hapo hurushwa dadu ya pande 6: ikionyesha 1, hulipuka na kutoa jeraha la dadu tatu za pande 6 kwake na kwa aliye ubavuni pake. Pipa zima ni jambo jingine. Pipa ni tukio la kusimuliwa, na msimamizi aliweke mahali kwa makusudi.

Kuhusu wale viumbe waitwao majini, tulikwenda kwenye masimulizi yetu wenyewe. Yako masimulizi ya tangu zamani kwamba majini hukichukia chuma. Sasa, neno risasi katika Kiswahili ni jina la madini yenyewe kabla ya kuwa jina la kitu kinachofyatuliwa, na madini hayo si chuma. Kwa hiyo risasi ya kawaida humpita jini kama inavyopita moshini. Anayetaka kumjeruhi lazima apate mhunzi wa kumfulia tufe la chuma, ambalo halijai vizuri mtutuni na humpunguzia mpigaji 2 kwenye shabaha, na ambalo, kwa ugumu wake, hukwaruza mtutu: kila milio mitano ya chuma hupunguza mita 10 kwenye umbali wa bunduki hiyo daima. Kanuni hii moja imetupatia safari tatu za kutafuta wahunzi.

Bei ya baruti

Bunduki isiyo na uhaba wa baruti haina uzito katika simulizi. Mezani kwetu ratili moja ya baruti, kama gramu 450, hutoa milio 40, na ratili ya madini ya risasi hutoa vidonge 15. Bei ya Februari, majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yakiwa bandarini, ni reale 4 kwa ratili. Kuanzia Mei, baada ya kusi kuyarudisha kwao, ongezeni reale moja kila mwezi, hata Novemba ifike reale 11.

Wapi inauzwa ni swali lenye utajiri zaidi. Mkataba wa biashara kati ya Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na Marekani, uliotiwa saini Maskati mwezi Septemba 1833, uliweka sharti kwamba bunduki, baruti na risasi zikiletwa kisiwani Unguja ziuzwe kwa serikali ya Sultani peke yake, ilhali katika bandari zake nyingine ziliweza kuuzwa kwa yeyote. Lichukueni sharti hilo lilivyo na mliweke katika ulimwengu wenu. Mara moja mji mkuu unakuwa mahali ambapo pembe moja ya baruti ni kosa, bandari ndogo za kisiwa cha pili zinajaa wanunuzi, na kila jahazi linalovuka mkondo usiku lina jambo la kuficha.

Kuna jambo moja ambalo lazima liamuliwe na wachezaji wote kabla ya kikao cha kwanza. Bunduki hizi ndizo zilizosindikiza misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa wa karne ya 19 ambaye nyumba yake ingali imesimama Shangani, Unguja, alieleza mwenyewe kwamba jina lake la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake. Katika meza yoyote ya Unguja au Pemba huenda wakakaa pamoja wajukuu wa waliotembea mbele ya msafara na wajukuu wa waliofungwa minyororo ndani yake. Ulizeni waziwazi kama utumwa utaonekana katika simulizi, na kwa namna gani, na mtu mmoja akikataa basi usionekane.

Pambano moja, kwa mfano

Ni usiku wa mwisho wa Machi kwenye ghala la karafuu nje ya Wete, upepo umekufa na manyunyu yanaanguka. Binti mlinzi ana gumegume aliyoijaza alasiri na kuifunika kwa ngozi yenye mafuta. Wanaokuja ni maharamia wanne, na kiongozi wao amevaa deraya ya chuma: kinga yake ni 17, ambapo alama 4 zinatokana na deraya. Yuko mita 30.

Katika duru ya kwanza binti anaondoa ngozi na kuvuta mtambo. Kwa manyunyu angekataliwa kwa 1 hadi 6, lakini ngozi imeirudisha namba kuwa 1 hadi 3. Dadu ya mtambo inaonyesha 2. Cheche inamulika uso wake, na maharamia wote wanne wanamwona. Katika duru ya pili anatia baruti mpya kisahanini chini ya upenu, huku kiongozi akikimbia hadi mita 12. Katika duru ya tatu dadu ya mtambo inaonyesha 11, na ya shabaha 9; pamoja na ustadi wake wa 5 anapata 14. Kwa vile adui yuko ndani ya mita 20, kinga ya 17 imeshuka hadi 13. Dadu za jeraha zinatoa 8 na 7, na kiongozi anaanguka kwenye jamvi la kuanikia karafuu.

Hakuna upepo, kwa hiyo moshi utakaa duru tatu kati yake na wale watatu waliobaki. Kushindilia kunahitaji matendo matatu, na kila atakaposukuma mdeki utasikika. Upanga uko kiunoni, na mlango wa nyuma wa ghala uko wazi. Msimamizi anamgeukia mchezaji na kumwuliza tendo lake ni lipi.